Macho ya Mzee Mwadime na Vyura wa Mbololo

Ashukuriwe Mungu aliyeumba jicho, akaumba na mwanga wa kulitumikia, naye hachoki kutuona hata sisi tunapochoka kutazamana. Nimeishi kwa rehema zake miaka mingi kuliko niliyothubutu kuomba. Magoti yangu bado yanakubali kupigwa kanisani, meno ya kutafunia yamebaki ya kutosha, na wapo wanaoniita jina langu kwa upendo. Namshukuru kwa hayo yote kabla sijaandika lolote, maana ninachotaka kueleza ni habari ya mwaka mmoja ambao nilisema uongo, na sitaki mtu adhani kwamba namlalamikia Yeye.

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Mwadime huko Mbololo, nyuma ya nyumba yake, juu kidogo ya kijito, mahali alipopachagua mwenyewe. Alikuwa amepita miaka tisini, na zaidi ya arobaini kati ya hiyo aliishi bila kuona. Mchungaji aliposoma wasifu alisema kwamba marehemu alipoteza macho yake kwa ugonjwa, akageuza ukurasa na kuendelea na idadi ya wajukuu. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya turubai pamoja na akina mama wa kanisa, nimevaa leso ya msiba na miwani yangu mizito, na maneno yale machache yalinipata kama mtu aliyeitwa kwa jina mbele ya watu. Ni kweli ulikuwa ugonjwa. Lakini katika mkutano ule wote, waliojua kwamba ugonjwa ule ulipata msaidizi tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuwa ameketi upande wa wanaume, kofia ya kufumwa kichwani, ndevu nyeupe kabisa.

Huyo mwenzangu ni Bwana Rashidi. Mwaka ninaousimulia alikuwa kijana wa Mahoo, upande wa Taveta, mwenye ndevu chache na adabu nyingi, aliyekuwa akisomea habari za vyura chuo kikuu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka sana, hata akikuomba chumvi ungedhani anakuposa. Alitaka kujua ni vyura gani wanaoishi mitini katika wilaya yetu, kuanzia nyika ya Voi hadi juu milimani, na kila aliyemuuliza njia alimtajia mtu mmoja: Mwadime, mrina asali, anayeujua msitu wa Mbololo kama mtu anavyolijua zizi lake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingojea barua ambayo haikufika. Niliajiriwa kubeba mfuko na kuandika, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Kwetu kulikuwa mbali, ng'ambo ya mlima, kwa hiyo mwaka ule nililala nyumbani kwa mzee, katika chumba cha ghala, kati ya magunia ya mahindi na mizinga mitupu iliyokuwa bado inanukia asali. Ukuta uliotenga chumba kile na jiko haukufika juu. Mwanga wa moto ulipita huko, na moshi, na maneno.

Masika yalitukuta Marungu, huko chini kwenye nyika, kando ya silanga, bwawa la kunyweshea mifugo. Juu ya maji, kwenye matawi ya migunga, palining'inia mapovu meupe yenye ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, mfano wa povu la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Wachungaji walituambia ni mate ya nyoka na tusikae chini yake. Mzee Mwadime alicheka, akasema nyoka hana wakati wa kutema mate mengi hivyo. Alitueleza kwamba yule ni chura wa mtini, anayepiga ute wake kwa miguu kama mama anayepiga mayai kwa uma, akafukia mayai ndani, na watoto wakikua hudondoka mmoja mmoja majini. Kisha akatuonyesha mama mwenyewe, amejikunja juu ya gome kwenye jua kali, mweupe kama jivu, macho ameyafunga yamebaki mistari miwili. Bwana Rashidi alipiga goti mbele ya ule mti kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada. Muuza duka mmoja wa Voi, tulipopita kununua mkate, aliniuliza kama nimesoma miaka yote ile ili nihesabu vyura. Mzee alimjibu kwa niaba yangu kwamba vyura wana sifa moja nzuri: hawaulizi maswali ya kijinga. Tulicheka njia nzima. Huko Marungu jua lilikuwa jingi, povu lilikuwa jeupe, na mzee hakukosea hata mara moja.

Tulipopanda Mbololo mambo yalibadilika, ila mimi nilichelewa kuelewa. Watafiti wengi huwatafuta vyura usiku kwa tochi, wakifuata sauti, na Bwana Rashidi alikuja na tochi tatu. Mzee alikataa. Alisema vyura wa mlima wanaonekana vizuri asubuhi, wamelala, na anayewatafuta usiku atavunjika mguu kabla hajamwona hata mmoja. Akatufundisha njia yake. Usimtafute chura, alisema, tafuta jani lililokaa vibaya. Jani lenye mgeni huinama kidogo kuliko wenzake. Ukishaliona, usilifuate kwa juu; inama uingie chini yake, ulitazame dhidi ya mwanga, na utaona kivuli cha chura kimechorwa juu yako, miguu imekunjwa, vidole vyenye vidonge mwishoni vimeshika ukingo. Hadi leo siwezi kupita chini ya jani pana bila kuangalia juu. Njia ile ilikuwa nzuri na ya kweli. Nilikuja kujua baadaye kwamba ilikuwa pia njia ya mtu ambaye usiku haoni kabisa.

Ilikuwapo pia desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Kwa watu waliolelewa kama sisi, mdogo hanyooshi kidole mbele ya mkubwa wake kumwonyesha mgeni kitu. Mdogo akiona kwanza, humgusa mkubwa kiwiko, polepole, na mkubwa ndiye anayesema. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Ni kama kutokuita watu wazima kwa majina yao. Basi nikiona jani lililoinama, nilimgusa mzee kiwiko cha upande ule, yeye akageuza kichwa chote, si macho peke yake bali kichwa na mabega, kisha akasema kwa utulivu, "Bwana Rashidi, yule pale." Mwanzoni nilimgusa mara moja au mbili kwa siku. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, na ukungu ukawa haupandi hadi saa nne, nilikuwa namgusa kila mara. Nilijisikia vizuri, lazima niseme. Nilikuwa na miaka ishirini, sina barua ya shule wala ya kazi, na macho yangu yalikuwa yanatosha watu wawili.

Nyumbani mambo madogo yalikuwa yanasema, kama tungeyasikiliza. Mama Saru, mke wa mzee, alikuwa akipika kimanga kila jioni, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja hadi yakawa mazito kama udongo wa kukandikia ukuta, na akiweka kikombe cha chai kando ya mumewe, upande wa kushoto, kikombe kiliangushwa. Alianza kukiweka mbele yake moja kwa moja. Wajukuu walimtania babu yao kwamba anapigana na vikombe, naye alicheka pamoja nao. Akitoka nje aligonga bega kwenye mlango uleule alioujenga mwenyewe. Jioni moja, baada ya chakula, nikiwa nimejilaza kwenye magunia, nilimsikia Mama Saru jikoni akimwambia waende hospitali, hata ile ya Voi tu. Mzee alisikika akisogeza kuni motoni. Kisha akasema kwamba yeye sasa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa mpapai: kilicho mbele kipo, kandokando hakuna kitu. Akasema akienda hospitali habari zitamfikia Rashidi kabla yeye hajarudi. Walimu wa Rashidi walikuwa wanakusudia kuweka kambi ya kudumu pale Mbololo, na kama mwaka ungeisha vizuri yeye ndiye angekuwa kiongozi wa kambi. "Nani atamchukua kipofu msituni?" alisema. "Acha mwaka uishe kwanza." Mama Saru alikoroga kitu kwenye sufuria, ingawa chakula kilikuwa kimeshaliwa.

Kwa hiyo nilijua. Siwezi kusimama mbele ya Mungu na kusema nilidhani. Nililala juu ya yale mahindi nikaomba, na nakumbuka nilivyoomba: nilimwomba Mungu amlindie mzee kazi yake. Macho sikuyataja. Nimefundisha watoto dini kwa miaka mingi tangu wakati huo, na kila nikiwafundisha kuomba narudi kwenye sala ile, jinsi mtu anavyoweza kupiga magoti kwa moyo wote na bado akaomba kitu kisichofaa, kwa sababu kile kinachofaa kinamwogopesha.

Wiki moja au mbili baadaye tulikuwa katika bonde lenye unyevu ambalo Bwana Rashidi alilipenda kuliko yote. Niliona jani, nikamgusa mzee kiwiko cha kulia. Aligeuka, akanyoosha mkono, akasema, "Yule pale, wa kijani." Lakini kati ya mguso wangu na neno lake chura alikuwa ameamka na kurukia tawi la kushoto, karibu kabisa na sikio la mzee, akatulia hapo mbele ya macho ya sisi wawili. Mzee aliendelea kuonyesha jani tupu. Bwana Rashidi aliinua kichwa. Alimtazama mzee, akalitazama jani, akanitazama mimi, kisha akasema kwa upole kwamba amemwona, ahsante sana, na akainama kwenye daftari lake. Hakuandika chochote. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Siku iliyofuata alinikuta kijitoni nikiosha viatu. Alichuchumaa kwa mbali kidogo, kama ilivyo adabu, akaanza kwa kuuliza hali ya nyumbani kwetu. Halafu akasema, "Bi Mshai, nataka nikuulize jambo, na uniwie radhi. Mzee wetu ana tatizo la macho? Mjomba wangu ni daktari wa macho Mombasa. Jumatatu nateremka huko. Naweza kwenda naye, na hakuna atakayejua ila sisi."

Maji yalikuwa baridi, nakumbuka, na sabuni ilikuwa imeniponyoka. Nimeirudia saa ile mara nyingi kuliko saa nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilijua alichokuwa akinipa. Kilikuwa hicho hasa ambacho Mama Saru alikuwa akikiomba jikoni. Lakini nilifikiri, huyu ni mgeni, na mimi si mtoto wa mzee wala ndugu yake, nitafunguaje kinywa changu kumtangazia mtu mzima aibu ambayo yeye mwenyewe ameificha? Hilo ni kweli, na lilikuwa nusu tu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba bila mzee nisingekuwa na kazi, maana msichana asingeachwa aende msituni na kijana wa kiume peke yao. Tena nilipenda kuwa jicho lake. Nilijibu, "Hapana. Mzee anaona kuliko mimi."

Bwana Rashidi alisema, "Alhamdulillahi," akainuka. Jumatatu aliteremka Mombasa peke yake.

Mvua za vuli zilipokuja, mzee alikosea hatua kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Mti ulioanguka ulikuwa upande wa kushoto, hatua mbili tu, na mimi nilikuwa nyuma na mfuko. Aliteleza hadi chini kwenye mawe. Mguu ulipona, Mungu ni mwema. Lakini hospitalini daktari alimmulika macho, akaenda akaita daktari mwingine, na wote wawili wakarudi na sauti ya chini. Walisema ni presha ya macho. Walisema ugonjwa huo hula kuona kwa mtu kuanzia pembeni kuelekea katikati, hauna maumivu, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Mama Saru aliuliza ingekuwaje kama wangekuja mapema. Daktari alikuwa mtu mwema, hakutaka kusema, lakini aliulizwa mara ya pili. Alisema kwamba wangekuja hata miezi sita kabla, kwa dawa ya matone, pengine angebaki na kiasi kikubwa cha alichokuwa nacho. Mama Saru alijifunika uso kwa leso. Bwana Rashidi alikuwa amesimama dirishani, akitazama nje ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Mimi nilihesabu miezi kwa vidole ndani ya mfuko wa sweta. Ilikuwa mitano na kidogo tangu siku ile ya kijitoni.

Kambi haikujengwa, walimu walibadilisha mawazo kwa sababu zao. Miaka miwili baadaye giza lilifunga kabisa. Bwana Rashidi alihitimu akaenda mbali, akawa anatuma salamu wakati wa sikukuu zake na zetu. Mimi nilipata nafasi ya ualimu, nikaolewa, nikapewa kazi ya kufundisha dini kanisani. Kila Jumapili tuliungama kwa pamoja, na kila Jumapili nilisema maneno yale kwa sauti, nikatoka na siri ile kifuani kama nilivyoingia. Ilinichukua miaka kumi na mmoja kumwambia mzee mwenyewe.

Nilimkuta barazani anachambua maharagwe kwa vidole, mabovu anayatupa kwa kuku. Nilimweleza yote, ukuta wa ghala, mrija wa mpapai, kijito, Mombasa. Aliendelea kuchambua. Nilipomaliza alisema, "Mshai, usinichukulie dhambi yangu. Uongo ule ulikuwa wangu. Wewe uliubeba tu, kama ulivyobeba mfuko."

Nikasema, "Lakini baba, aliyeulizwa ni mimi."

Vidole vilisimama. Kuku walisogea karibu wakingoja. Nilitamani aseme kwamba haidhuru, kama watu wanavyosema. Mzee Mwadime hakuwa mtu wa kusema kitu ili kipite. "Ndiyo," alisema. "Uliulizwa wewe." Akarudia maharagwe yake hata nikadhani nimefukuzwa. Kisha akasema kwamba hawezi kunidai macho, kwa sababu sina cha kumlipa. Anachotaka ni kwamba kila nikija nishuke kijitoni kwenye nduma, yale magimbi yaliyopandwa kando ya maji, niangalie chini ya majani, nirudi nimwambie nilichoona. "Nilichoona kweli," alisema. "Kama hakuna, sema hakuna. Usiniguse tu kiwiko."

Nilifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini. Nilishuka na watoto wangu mgongoni, baadaye nikashuka na mkongojo. Majani ya nduma ni mapana, na jua la asubuhi likiyapiga unaona kila mshipa wake. Nilirudi nikamwambia wawili, mmoja wa kijani na mmoja mwenye mistari, mdogo ameangalia mlimani. Alitaka kujua miguu imekunjwaje. Miaka ya karibuni mashamba yamesogea, kijito kimepungua, na mara nyingi zaidi nililazimika kusimama mbele ya kiti chake nikasema, "Leo sijaona." Ilikuwa inaniuma kila mara, maana nilijua angefurahi ningesema yuko mmoja. Yeye aliitikia kwa kichwa, akasema ahsante, akanipa kiti. Nadhani hakuna mtu aliyenifundisha dini kuliko mzee yule aliyenifundisha kusema sijaona.

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wakila, Bwana Rashidi alinijia. Tulisalimiana, tukaulizana wajukuu na magoti. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mimi nilijua, Bi Mshai. Nilikuwa nakuona unavyomgusa kiwiko, tangu mwanzo wa baridi. Uliponijibu vile pale kijitoni, nikaona si adabu kukuuliza mara ya pili, wala si adabu kumuuliza mzee. Nimekaa nalo." Sote watatu tulikuwa watu wa heshima. Kila mmoja alimwekea mwenzake heshima yake, na katikati ya heshima hizo tatu macho ya mtu yalizimika. Sijui hata leo jinsi ya kumweleza Mungu jambo hili, ila namshukuru kwamba ananingoja nilitafutie maneno.

Tulishuka wote wawili hadi kwenye nduma, yeye akishika kanzu yake isilowe, mimi na mkongojo. Tuliinama chini ya majani, tukapangusa miwani, tukainama tena. Jua lilikuwa zuri. Tulipita jani hadi jani mpaka mwisho wa shamba. Kisha nilipanda polepole hadi kwenye udongo mpya, maua ya karatasi bado hayajanyeshewa, nikasimama upande wa kichwa chake.

"Leo hatujaona, baba," nikasema.

Nawe unayesoma, Mungu akupe macho ya kuona na moyo usioogopa kusema ulichoona. Akupe mtu wa kukuuliza mara ya pili, na siku utakapoulizwa wewe, akutie nguvu kinywani kabla adabu haijakuwahi. Akulinde wewe na wale unaowapenda, mchana wenu na giza lenu. Amina.